Pikipiki ya matairi matatu inayolala kwenye kona: tairi la ziada uliweke mbele, uliweke nyuma, au ukate fremu katikati?

Ukishaamua kuunda nyumbani pikipiki ya matairi matatu inayolala kwenye kona, swali la kwanza si injini wala rangi ya tangi. Ni hili: kitu gani kitalala na kitu gani kitabaki wima? Wengi hukata vyuma kabla ya kulijibu, na ndiyo maana miradi mingi ya namna hii huishia uani chini ya turubai.

Kuna sababu ya kutaka chombo kilale. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, uingie kwa kilomita 36 kwa saa. Nguvu inayokutupa nje ni karibu nusu ya uzito wako, na pikipiki hulazimika kulala nyuzi 27 ili ibaki kwenye mizani. Sasa chukua chombo kisicholala, chenye tairi moja mbele na mawili nyuma, upana wa mita 1, kitovu cha uzito sentimita 70 kutoka ardhini, na theluthi mbili ya uzito zikiwa nyuma. Hicho kitakuwa kimeshaanza kunyanyua tairi kabla ya kufikia mwendo huo. Dereva yeyote wa bajaji, au wa guta lenye matairi matatu la kubebea mizigo, analijua hili bila hesabu.

Mipango mitatu ndiyo inayowezekana kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na fundi kerezo (mwenye mashine ya kukereza vyuma) wa mtaani. Nitaiita Mawili Mbele, Mkia Wima na Mawili Nyuma. Nimeacha makusudi vyombo vinavyolazwa kwa nguvu ya mafuta ya presha au mota, kama Carver One ya Uholanzi au Toyota i-Road ya 2013. Hivyo vinahitaji vifaa vinavyopima mwendo na kuamua pembe kwa niaba ya dereva, na kifaa hicho kikikosea kwenye kona hakuna mguu wa kuwahi chini. Can-Am Spyder nayo haimo, kwa sababu hailali kabisa.

Vigezo vya kupimia

Kila mpango nitaupima kwa mambo matano: namna unavyolala, kazi ya karakana unayodai, jinsi nguvu ya injini inavyofika kwenye tairi, tabia yake barabarani pamoja na kinachotokea kitu kikikatika, na mtu unayemfaa. Bei sitazitaja, maana vyuma chakavu Gerezani (Dar es Salaam) na Gikomba (Nairobi) vina bei ya siku na bei ya sura yako. Nitataja vipuri unavyohitaji, bei utapatana mwenyewe.

Kuna mawili yasiyobadilika kwa mpango wowote.

La kwanza: tairi la tatu halikushikilii. Chombo kinacholala kwa uhuru kinaendeshwa kama pikipiki ya kawaida, unasukuma kwenda mbele mshikio wa usukani wa upande uleule unaotaka kwenda, na ukisimama unaweka mguu chini. Yamaha Niken ya 2018, mashine ya sisi 847, haina kifunga cha kuizuia isilale. Ukiiachia inaanguka kama pikipiki nyingine yoyote. Piaggio MP3, iliyotoka 2006, ina kifunga, lakini hufanya kazi kwa mwendo mdogo sana tu. Ukijitengenezea chako, hakikisha hakiwezi kujifunga ukiwa kasini. Chombo chembamba chenye matairi matatu kilichozuiwa kulala ni hatari kuliko pikipiki na kuliko bajaji.

La pili ni vyuma. Mabomba ya maji ya mabati yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na kila mtu atakushauri uyatumie. Usiyatumie. Moshi wa zinki unapochomelea huleta homa, na bomba lenyewe halikutengenezwa kubeba mitikisiko ya barabara. Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono.

MAWILI MBELE

Namna inavyolala. Matairi mawili ya mbele yanashikwa na mikono miwili ya kulala, mmoja juu na mmoja chini, yenye urefu sawa. Kila mkono una bawaba katikati kwenye fremu na bawaba kila mwisho. Fremu ikilala, mikono inabaki sambamba na barabara na matairi yote yanalala pembe ileile. Ndio mpango wa MP3, na ndio ulioenea zaidi viwandani: MP3 hulala hadi nyuzi 40, Niken hadi 45. Norway walikuwa na Brudeli iliyojengwa juu ya KTM, na Marekani Tilting Motor Works walitengeneza vifaa vya kubadilisha Harley-Davidson kubwa. Kwa hiyo picha na vielelezo vya kujifunzia havikosekani.

Kazi ya karakana. Hapa ndipo penyewe. Njia rahisi kwa mtu wa nyumbani ni kuchukua seti mbili kamili za shokapu za mbele, na vishikio vyake, ekseli zake na breki zake, kutoka pikipiki mbili zinazofanana. Boxer mbili zilizokufa injini zinatosha. Kila seti inaingia kwenye bomba lake la usukani mwishoni mwa ile mikono, na usukani wako unabaki katikati, ukiziendesha zote kwa tairodi, yaani fimbo za chuma zinazounganisha usukani na kila tairi. Hivyo hubuni shokapu wala ekseli. Unabuni mikono na tairodi tu.

"Tu" hiyo ndiyo inayokula miezi. Hesabu sehemu zinazozunguka: bawaba sita za mikono, mabomba mawili ya usukani ya pembeni, la katikati, na bol-jointi nne za tairodi. Kila moja ikiwa na mchezo wa nusu milimita, mchezo wote unajumlishwa mkononi mwako ukiwa kilomita 60 kwa saa. Bushi za plastiki zitakudanganya mwezi wa kwanza. Weka beringi, na sehemu zake zikerezwe, zisichongwe kwa grainda.

Kisha kuna ugonjwa unaoua miradi mingi ya aina hii: tairodi isiyoendana na mikono. Chombo kikilala, ncha za tairodi zinapaswa kusafiri njia ileile inayosafiri mikono. Zisiposafiri hivyo, tairi moja linageuka ndani na jingine nje bila wewe kugusa usukani. Unaingia kona, pikipiki inabadili mawazo. Dawa ni kukata mfano wa plaiwudi wenye ukubwa halisi, ukazitia ncha misumari, ukaulaza kushoto na kulia na kupima umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma. Umbali ukibadilika, sogeza ncha za tairodi hadi utulie. Kazi ya jioni chache, na inagharimu ubao mmoja.

Nguvu ya injini. Hakuna la kufanya. Injini, cheni na tairi la nyuma vinabaki kama vilivyotoka kiwandani, na hii ndiyo zawadi kubwa ya mpango huu.

Barabarani. Tairi la mbele likiteleza ndipo wengi wanapoangukia, kwenye lami yenye mafuta au changarawe juu ya lami. Hapa unayo mawili, na moja likipoteza mshiko jingine bado linashika. Breki nazo ni mbili na ziko mbele, mahali ambapo breki hufanya kazi kubwa. Upande wa hasara, mbele panakuwa pazito, na kwenye barabara ya vumbi unaacha alama tatu, yaani shimo likikosa tairi la mbele litapata la nyuma. Tairodi ikikatika ni balaa: tairi moja halikusikii tena. Nati zake zifungwe kwa pini, zikaguliwe kila wiki.

Inamfaa nani. Mtu mwenye subira ya kupima, mwenye fundi kerezo wa kuaminika, na asiyetaka kugusa injini. Na mtu anayependa kona zenyewe.

MKIA WIMA

Namna inavyolala. Fremu inakatwa vipande viwili. Mbele kuna tairi moja, usukani na kiti, na hiyo sehemu inalala. Nyuma kuna matairi mawili yanayobaki wima. Kati yake pana bomba moja lenye beringi nzito. Wazo ni la Mwingereza George Wallis. Kundi la BSA, watengenezaji pikipiki wa Uingereza, lililitumia kwenye Ariel 3 mwaka 1970 na halikuuzika. Honda wakachukua leseni, wakatoa Stream mwaka 1981 na Gyro mwaka 1982. Gyro Canopy, yenye paa na sanduku nyuma, ndiyo ile inayopeleka piza mitaani Japani. Kwa hiyo usiidharau kwa sababu ya umbo lake la kitoroli. Gyro imefanya kazi ya kila siku kwa zaidi ya miaka 40.

Kazi ya karakana. Kiungo kimoja badala ya zaidi ya kumi. Lakini hicho kimoja kinabeba kila kitu, na mahali kinapoelekea ndipo siri ilipo. Vuta kwa kamba mstari wa kiungo kwenda mbele: unapaswa kuteremka na kugusa ardhi pale tairi la mbele linapogusa. Ukifanya hivyo, mbele inalala bila kusukuma mkia pembeni. Ukiweka kiungo mlalo, tuseme sentimita 30 kutoka ardhini, basi ukilala nyuzi 20 tairi la mbele linahama karibu sentimita 10 kwa upande kutoka kwenye mstari wa mkia. Kwa urefu wa mita 1.3 kati ya ekseli, mkia umejipinda karibu nyuzi 4.5 peke yake. Utahisi kama mtu anakuvuta kwa nyuma.

Kiungo kikae chini kadiri iwezekanavyo. Nguvu ya kona kutoka kwenye mwili wako inaingia kwenye mkia kupitia hapo. Kikiwa juu kinaupindua, kikiwa chini kinausukuma tu pembeni. Beringi za habu (kitovu cha tairi) ya gari dogo zinafaa. Ongeza stopa za chuma zenye mpira pande zote mbili, ili mbele isilale hadi fremu iguse tairi la nyuma. Honda hutia mpira ndani ya kiungo unaojinyonga na kuirudisha pikipiki wima, na ukiweza kuiga hilo kuegesha kutakuwa rahisi.

Nguvu ya injini. Cheni haiwezi kuvuka kiungo kinachojinyonga. Itaruka siku ya kwanza. Njia ni tatu. Weka injini yenyewe kwenye mkia, kama Gyro. Au chukua ekseli ya nyuma ya guta la injini, pamoja na difu yake (gia zinazoruhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi tofauti) na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), upitishe propela katikati ya kiungo au jirani kabisa nacho. Propela inazunguka muda wote, kwa hiyo chombo kikilala inaongeza tu sehemu ya mzunguko na haijali. Au tumia mota ya umeme kwenye habu, ambapo kinachovuka kiungo ni nyaya peke yake. Hii ya tatu ndiyo safi kuliko zote ikiwa una betri. Ziachie nyaya mkunjo wa kutosha tu.

Barabarani. Ni chombo cha mwendo wa mjini. Mkia unaweza kuwa mpana hata mita 1, kwa kuwa haulali, na mzigo unakaa sawasawa wakati wewe unalala. Ila mkia huo ukiujaza mzigo mrefu, unakuwa guta kamili na unapinduka kama guta, hata kama wewe mbele umelala vizuri sana. Magunia yalazwe, yasisimamishwe. Mbele bado una tairi moja, kwa hiyo kwenye utelezi hujapata faida yoyote. Na kiungo kikikatika, chombo kinakatika vipande viwili. Weka mnyororo mfupi wa usalama kati ya mbele na nyuma. Ni wa bei ndogo, na kwenye ukaguzi utaonyesha kwamba umefikiri.

Inamfaa nani. Mwenye mzigo: mpeleka chakula, muuza gesi, mwenye duka. Pia mwenye mota ya umeme mkononi anayetafuta chombo cha kuiweka.

MAWILI NYUMA

Namna inavyolala. Mbele panabaki kama palivyo. Nyuma, badala ya mkono mmoja unaobeba tairi, unakuwa na miwili sambamba, kila mmoja na tairi lake. Inaunganishwa na wenzo wenye bawaba katikati: mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Shokapu inakaa kati ya wenzo na fremu. Matairi yote matatu yanalala pamoja.

Viwandani hutauona sana mpango huu, na sababu ni hesabu. Matairi ya nyuma yakiwa sentimita 50 kutoka kila moja, ukilala nyuzi 30 moja linapaswa kuwa juu ya jingine kwa sentimita 29, yaani karibu 14.5 juu na 14.5 chini, kabla hujagusa shimo lolote. Ukitaka kulala nyuzi 40, hata kwa upana wa 45 tu, tofauti ni sentimita 38. Nyuma panahitaji nafasi ambayo pikipiki ya kawaida haina.

Kazi ya karakana. Ya wastani, na inapendeza kwa sababu kila kipande ni kitu unachokijua: mikono miwili ya nyuma, rimu mbili, bushi zilezile. Wenzo ndio kipande kipya pekee. Uufanye mnene kuliko unavyodhani, maana uzito wa nyuma wote unaning'inia juu yake. Ukivunjika ukiwa umelala, upande mmoja unadondoka.

Nguvu ya injini. Ugumu wote wa mpango huu umejificha hapa. Unahitaji shafti ya kati yenye sproketi mbili, na shafti hiyo ikae kwenye mstari uleule wa bawaba za mikono ya nyuma. Ikikaa hapo, urefu wa cheni haubadiliki hata mkono upande au ushuke kiasi gani. Ikiwa pembeni, cheni italegea na kukaza kila kona.

Matairi mawili yanahitaji pia kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Difu kwenye shafti ya kati ndiyo jibu kamili. Atatokea mtu akwambie chukua difu ya bajaji na shafti zake fupi. Mwambie apime: kwa upana huu mwembamba shafti inabaki na urefu wa sentimita 15 hivi, na ili ifuate tairi linalopanda sentimita 14.5 jointi yake ingebidi ipinde karibu nyuzi 45. Haitadumu. Friwili za baiskeli nazo zitapasuka kwa nguvu ya injini ya sisi 150. Njia ya mkato ni kuendesha tairi moja tu. Kwa injini ndogo inavumilika, ingawa ukivuta mafuta ghafla utahisi chombo kikijivuta upande mmoja.

Barabarani. Usukani ni uleule uliouzoea, mwepesi, usio na tairodi ya kuogopa. Mshiko wa nyuma ni mzuri kwenye mchanga na kwenye vilima vyenye matope. Kwenye breki za ghafla juu ya utelezi, uko palepale ulipokuwa na pikipiki yako ya zamani.

Inamfaa nani. Anayeishi juu ya kilima cha udongo, anayezijua cheni na sproketi kuliko jiometri ya usukani, na anayetaka siku moja kuirudisha pikipiki kuwa ya matairi mawili bila kuiharibu mbele.

UCHAGUE KWA HALI YAKO

Ugumu wa tairi la tatu hauondoki popote. Mawili Mbele inauweka kwenye usukani, Mkia Wima kwenye kiungo kimoja, Mawili Nyuma kwenye cheni. Angalia mkono wako umezoea nini.

Ukiwa na pikipiki nzima yenye injini nzuri na unataka kuigusa kidogo kabisa kwa nyuma, nenda Mawili Mbele. Kama huna fundi kerezo karibu, mpango huu uuache kwanza, hata kama ndio unaokuvutia kwa sura.

Ukitaka kubeba mizigo na mwendo wako hauzidi wa mjini, Mkia Wima. Ukiwa na guta lililokufa injini uani, nusu ya kazi imeshafanyika.

Ukiwa na njia ya mchanga na vilima, na umeshafungua gia boksi mara nyingi bila kumwita mtu, Mawili Nyuma. Anza na tairi moja linaloendeshwa, difu iongezwe baadaye.

Ukitaka kumjengea mzee au mtu mwenye mguu dhaifu asiyeweza kushikilia pikipiki akisimama, kati ya hii mitatu unaoelekea kumfaa ni Mkia Wima wenye kifunga cha kusimamia, kwa sababu kiungo kimoja ni rahisi kukifunga kuliko bawaba sita. Hata hivyo kifunga kikikosewa hakimpi nafasi ya pili. Bajaji ya kawaida inaweza kumfaa zaidi.

Kwa mpango wowote, jaribio la kwanza liwe bila injini: kusukumwa kwenye uwanja, halafu kuachiwa kwenye mteremko mdogo, kofia ngumu kichwani. Na kabla ya kukata fremu yenye namba ya usajili, pita NTSA kama uko Kenya, au TRA na polisi wa usalama barabarani kama uko Tanzania, uulize kuhusu chombo kilichobadilishwa umbo. Kisha umuulize mtu wa bima swali hilohilo, kwa maandishi. Walioko Ulaya wapime upana mapema. Huko matairi mawili ya ekseli moja yakiwa chini ya milimita 460 kati ya vituo vyake vya kugusa ardhi huhesabiwa kama tairi moja, na chombo kinabaki pikipiki. Ndiyo maana Piaggio walitoa MP3 LT yenye milimita 465, ili ivuke kipimo hicho na kuhesabiwa chombo cha matairi matatu.